Kadi ya mkopo, safari ya Chennai na siku 45 zinazosemwa hazina riba

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mwajiriwa wa serikali kwa miaka 11. Baba yangu anahitaji upasuaji wa moyo na ndugu tumekubaliana apelekwe Chennai, India. Mimi ndiye nitakayemsindikiza, kama wiki tano. Tumechangishana, sehemu kubwa ya fedha ipo, ila haijatimia. Ofisa wa benki ninakopitishia mshahara amenishauri nichukue kadi ya mkopo yenye kikomo cha Sh3 milioni, akasema nitakuwa na siku 45 za kutumia bila riba. Mshahara unaonifikia mkononi ni kama Sh900,000 na nina mkopo mwingine unaoendelea kukatwa. Shemeji yangu anasema nisithubutu, kadi hizo zimefilisi watu, na isitoshe kadi ya Visa niliyonayo tayari ni ya mkopo. Je, ninastahili kupewa? Makato yake yakoje? Itakubali India? Na hospitali ikitaka taslimu, naweza kutoa kwenye ATM?"*

Pole sana, mwalimu, na mzee apate nafuu. Umeuliza maswali manne, lakini naona nyuma yake kuna moja linalokunyima usingizi: fedha hazijatimia, na hii kadi inaonekana kama mlango uliofunguka. Nitakujibu yote, ila nakuambia mapema ninakoelekea. Kadi hiyo inaweza kukufaa sana safarini. Kuziba pengo la gharama za matibabu, haifai.

Kabla sijaingia kwenye yangu, moja lisilo la fani yangu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hufanya upasuaji wa moyo wa kufungua kifua. Kama hamjawauliza kama shida ya mzee inawezekana hapo, waulizeni kabla ya kukata tiketi. Wakisema ni lazima India, tuendelee.

Tuanze na shemeji. Amekosea moja, amepatia moja. Visa si aina ya kadi, ni jina la mtandao unaopitisha malipo kati ya benki na benki, kama alivyo Mastercard. (Wala haihusiani na viza ya ubalozini. Usicheke, nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja.) Kadi uliyonayo sasa, ile unayotolea mshahara, karibu hakika ni ya debiti: ukiswaipu, fedha inatoka papo hapo kwenye akaunti yako, na isipokuwepo kadi inakataa. Itazame, nyingi zimeandikwa neno "debit" kwa herufi ndogo upande wa mbele.

Kadi ya mkopo haigusi akaunti yako ya mshahara. Ifikirie kama daftari la Mangi wa dukani. Unachukua sukari, unachukua mafuta, Mangi anaandika. Mwisho wa mwezi anajumlisha, anakuonyesha, unalipa. Benki nayo inamlipa muuzaji, inakuandika wewe, na mara moja kwa mwezi inafunga daftari na kukutumia taarifa ya deni. Tofauti ni kwamba Mangi akichoka atakununia, benki itakutoza.

Hapo ndipo zinapoingia siku 45, na hapa naomba tukae kidogo, maana maelezo ya ofisa wako si uongo ila yamekatwa katikati. Siku 45 ni kiwango cha juu, si haki ya kila manunuzi. Chukulia benki yako inafunga daftari tarehe 25 ya kila mwezi na unatakiwa kulipa ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukinunua tarehe 26 Machi, kitu hicho kinaingia kwenye daftari litakalofungwa 25 Aprili, unalipa 10 Mei. Hizo ni siku 45 kamili. Ukinunua 24 Aprili, daftari linafungwa kesho yake, unalipa 10 Mei ileile. Siku 16 tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa ni "daftari linafungwa tarehe ngapi, na mwisho wa kulipa ni tarehe ngapi?" Majibu hayo mawili yaandike kwenye kitabu chako.

Kipande cha pili ambacho hukuambiwa ni kwamba msamaha huo wa riba upo tu ukilipa deni lote la kwenye taarifa. Si karibu lote. Kwa mikataba mingi, ukibakiza hata kidogo, msamaha unafutika na riba inahesabiwa kwa manunuzi yote tangu siku uliyonunua. Tufanye hesabu kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni mfano wangu tu; ya kwako iko kwenye mkataba. Umetumia Sh3 milioni siku 45 kabla ya tarehe ya kulipa, ukalipa Sh2.9 milioni, ukabakiza laki moja ukisema utamalizia mwezi ujao. Riba inaweza kukujia kwenye zile milioni tatu kwa siku 45, yaani kama Sh135,000. Laki moja imekugharimu laki na elfu thelathini na tano. Watu wanapopiga simu benki wakilia kwamba wameibiwa, mara nyingi ni hili.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye taarifa unaosema "malipo ya chini". Huo ndio uliofilisi watu wa shemeji yako. Benki inakuambia: deni ni milioni tatu, lakini mwezi huu ukilipa asilimia 10 tu hatutakusumbua. Unapumua. Kwa riba ileile ya asilimia 3 kwa mwezi, ukiendelea kulipa hiyo asilimia 10 kila mwezi bila kununua kitu kingine hata biskuti, baada ya mwaka mzima utakuwa umeshalipa zaidi ya Sh2.5 milioni, na bado utadaiwa kama Sh1.2 milioni. Na malipo ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh309,000. Toa hiyo kwenye laki tisa yako, kisha toa nauli, chakula na ada, uone kinachobaki.

Ada nyingine nitazipitia haraka. Kuna ada ya mwaka, faini ya kuchelewa kulipa, faini ya kuzidisha kikomo, na gharama ya kadi mpya ukiipoteza. Kumbuka tu kwamba tangu Julai 2016 ada za benki Tanzania zina VAT ya asilimia 18, kwa hiyo ukiambiwa ada ya mwaka ni Sh60,000, uliza kama ni kabla au baada ya kodi. Kabla ya kodi maana yake utakatwa Sh70,800.

Sasa India. Kadi itakubali? Ndiyo, kwenye hoteli zenye hadhi, hospitali kubwa, maduka makubwa na viwanja vya ndege. Lakini usidhani utaishi kwa kadi. Wahindi wanalipana kwa simu kupitia mfumo wao unaoitwa UPI: kila kona kuna karatasi yenye msimbo, kuanzia duka la dawa hadi muuza chai, na msimbo huo hausomi kadi yako ya Tanzania. Kwa dereva wa bajaji, nyumba ndogo za kulala wageni zilizozunguka hospitali kama zile za Greams Road, na mama anayeuza wali, utahitaji rupia mkononi. Beba dola kiasi, ubadilishe kwa wabadilishaji wenye leseni. Ukiingia India na noti zinazozidi dola 5,000 ni lazima uzitamke kwa forodha uwanja wa ndege. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

Ukiswaipu huko, mtandao wa Visa au Mastercard unabadilisha rupia kuwa shilingi kwa kiwango chao cha siku, ambacho kwa kawaida si kibaya, kisha benki yako inaongeza asilimia yake. Tuseme ni 3, na rupia moja ni Sh30. Chumba cha rupia 20,000 ni Sh600,000, nyongeza ya benki Sh18,000. Inauma kidogo, inavumilika.

Kisichovumilika ni kile kitakachotokea mapokezi. Mhudumu ataingiza kadi kwenye mashine, kisha ataigeuza ikutazame wewe, na kwenye kioo utaona machaguo mawili: kulipa rupia 20,000, au kulipa kwa shilingi au dola, kiasi kimeshapigiwa hesabu. Macho yatakimbilia shilingi kwa sababu unazielewa. Zikatae. Kiwango hicho hakitoki kwa Visa wala benki yako, kimewekwa na kampuni ya mashine pamoja na mwenye hoteli, na faida yao imeshafichwa humo. Badala ya Sh600,000 unaweza kuona Sh640,000 na zaidi. Mbaya zaidi, baadhi ya benki zitakutoza ile asilimia ya ughaibuni juu yake kwa sababu muuzaji yuko nje ya nchi. Na ukikubali dola ilhali kadi yako ni ya shilingi, fedha inabadilishwa mara mbili. Sema "rupia", na kama mhudumu ameshabonyeza, mwombe afute aanze upya kabla hujaweka namba ya siri. Ni haki yako.

Umeuliza kuhusu kutoa taslimu kwenye ATM. Inawezekana, na naomba usifanye. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuna msamaha wa siku hata moja, riba inaanza dakika ileile. Tupige hesabu ya rupia 10,000, ambayo ni Sh300,000. Ada ya kutoa taslimu, tuseme asilimia 4, ni Sh12,000. Asilimia 3 ya ughaibuni, Sh9,000. Mwenye ATM naye anachukua rupia 200, Sh6,000. Ukilipa baada ya mwezi, riba Sh9,000. Jumla Sh36,000 kwa kukopa laki tatu kwa mwezi mmoja, asilimia 12. Hata wale wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kadi za ATM za walimu wangekuonea huruma. Ukihitaji rupia za dharura, tumia kadi yako ya debiti. Nayo ina makato, ila huko unatoa fedha yako, hukopi.

Hebu sasa nikuambie kwa nini, pamoja na yote hayo, sijasema uikatae.

Miaka michache nyuma nilifika hoteli moja Johannesburg usiku, nina kadi ya debiti tu. Wakaswaipu "kwa ajili ya dhamana". Nilidhani wamekagua tu. Asubuhi natafuta fedha ya chakula, salio limepungua kwa kiasi cha siku nne za chumba: hawakuichukua, waliishikilia. Nilipoondoka nililipa bili kamili, na ile iliyoshikiliwa ilirudi baada ya siku tisa. Nilikuwa mfanyakazi wa kitengo cha kadi, nilijua kabisa jambo hilo hutokea, na bado nilikula mkate mkavu. Hoteli nyingi duniani hufanya hivyo, na baadhi ya hospitali pia huomba dhamana. Kwa kadi ya mkopo, kinachoshikiliwa ni kikomo cha benki. Fedha yenu ya matibabu inabaki huru. Kwako wewe, mwenye mgonjwa wodini na akaunti moja ya kutegemea, hiyo ndiyo kazi halisi ya kadi hii. Ya pili ni pale ukitapeliwa au ukitozwa mara mbili: wakati mnabishana, fedha iliyokwama ni ya benki, si yako. Lakini toa taarifa mara moja na kwa maandishi, maana muda wa kupinga muamala una mwisho.

Unastahili kupewa? Nadhani ndiyo. Benki hutazama ajira ya kudumu, mshahara unaopita kwao, hati za mshahara za miezi mitatu au zaidi, barua ya mwajiri, kitambulisho cha NIDA, na rekodi yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo; hapa kwetu kuna kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Rekodi hiyo hubeba na mikopo midogo ya simu inayotolewa kupitia benki. Kama kuna elfu kumi na tano ya M-Pawa uliyoisahau kwenye laini ya zamani, ilipe wiki hii.

Lakini kustahili machoni pa benki na kumudu ni vitu viwili. Unaijua kanuni ya theluthi: makato hayapaswi kuacha chini ya theluthi moja ya mshahara wako wa msingi. Mkopo wa mshahara hukatwa kwa mwajiri, kwa hiyo kanuni inaubana. Deni la kadi kwa kawaida unalilipa mwenyewe, halionekani kwenye hati ya mshahara, na huenda ndiyo sababu ofisa anaona kadi ni rahisi kukupa. Kile kizuizi kilichokuwa kinakulinda hakipo hapa. Ofisa simlaumu, ana malengo ya mwezi. Ila wewe ndiye utakayelipa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Pengo la matibabu ningelipeleka kwenye SACCOS ya walimu, au ningeomba nyongeza kwenye mkopo ulionao kama theluthi inaruhusu. Mikopo ya watumishi hutangazwa kwa asilimia kumi na kitu kwa mwaka, wakati asilimia 3 kwa mwezi ni 36. Tena pima ukubwa wenyewe: dola ikiwa Sh2,500, hiyo Sh3 milioni ni dola 1,200, na upasuaji wa moyo India ni maelfu ya dola. Kadi isingeziba pengo hilo hata ukiimaliza yote. Fedha ya hospitali ningeituma kwa TT, yaani uhamisho wa kimataifa kutoka benki kwenda akaunti ya hospitali, baada ya kupata makadirio ya gharama kwa maandishi kutoka dawati lao la wagonjwa wa kigeni, na kuhakikisha namba ya akaunti kwa kuwapigia, si kwa barua pepe peke yake. Matapeli wa namba za akaunti wapo.

Kadi ningeichukua, ila ningeomba kikomo kishushwe hadi Sh1.5 milioni. Ndiyo, unaweza kuomba kidogo kuliko ulichopewa, na watakushangaa. Ningeitumia kwa tiketi, dhamana ya hoteli na dharura, basi. Kama benki inataka dhamana ya amana badala ya mshahara, usikubali: fedha yenu inahitajika Chennai, haiwezi kukaa imefungwa Morogoro.

Na jambo ambalo wengi hulisahau: ukiwa huko wiki tano, tarehe ya kulipa itakukuta India. Kabla ya kuondoka, jaza maelekezo ya kudumu benki wakate deni lote, si malipo ya chini, kutoka akaunti yako ya mshahara, na uache humo fedha ya kutosha. Waombe pia wafungue matumizi ya nje na ya mtandaoni, maana kadi nyingi hutolewa yakiwa yamefungwa. Hakikisha laini yako imeunganishwa na huduma ya kutumia ukiwa nje, kwa sababu ukilipa mtandaoni utatumiwa OTP, yaani namba ya siri ya kutumia mara moja, kwa ujumbe mfupi, na laini isiyopokea ujumbe ni kadi isiyolipa. OTP hiyo haombwi na ofisa yeyote wa benki, awe na sauti tamu kiasi gani. Ile namba ya bure iliyo nyuma ya kadi mara nyingi haipatikani ukiwa nje. Omba yenye +255 mwanzoni, iandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae pochi moja na kadi.

Kuna mambo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Usisaini dirishani. Beba mkataba nyumbani, usome sehemu ya riba, msamaha wa riba na malipo ya nje, kisha rudi tawini ukae na ofisa akuonyeshe kila tozo ilipoandikwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka akueleze gharama zote kabla hujasaini, kwa hiyo humsumbui. Ikitokea mgogoro, lalamika kwanza kwenye benki yako kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokuridhisha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Na ikiwa matibabu yatarefuka ukaona mwezi unaofuata huwezi kulipa deni lote, usisubiri faini. Mpigie ofisa kabla ya tarehe ya kulipa, uombe deni la kadi ligeuzwe kuwa mkopo wa muda wenye riba nafuu. Benki husikiliza zaidi mtu ambaye bado hajachelewa.